Maonyesho Manne ya Tai Chi kwenye Video: Tathmini ya Mkao na Ufundi

Mtu anayeishi mbali na mwalimu wa tai chi, sanaa ya Kichina ya mapigano na afya inayojulikana kwa mwendo wa polepole, na hiyo ndiyo hali ya wengi wetu Afrika Mashariki, hujifunza kwa macho kabla ya kujifunza kwa mwili. Hufungua simu, hutafuta video, na hukutana na watu wasiohesabika waliovaa hariri wakisogea polepole kando ya ziwa au ndani ya ukumbi. Wote wanapendeza. Si wote wanaofaa kuigwa, na baadhi yao, wakiigwa na mtu wa makamo ambaye magoti yake yameanza kulalamika, watamwachia madhara ya kudumu. Kwa hiyo nimeona inafaa kuyatathmini maonyesho ya aina nne ambayo mwenye intaneti anaweza kuyapata bila malipo: mfululizo uliofupishwa wa miondoko 24, filamu za zamani za Cheng Man-ch'ing, maonyesho ya Chen Xiaowang wa mtindo wa Chen, na mifululizo ya mashindano ya kimataifa. Swali ninaloliuliza kwa kila moja ni hili: mwanafunzi akiyafuata kwa mwaka mzima bila mtu wa kumsahihisha, mwili wake utajengeka au utaumia?

Niseme mapema kwamba siyapimi kwa uzuri wa mkao wa mwisho. Yang Chengfu, aliyeishi kuanzia 1883 hadi 1936 na ndiye aliyeupa mtindo wa Yang sura tunayoijua leo, aliacha kanuni kumi zilizoandikwa na mwanafunzi wake Chen Weiming. Kichwa kiwe kana kwamba kimeninginizwa kutoka juu; kifua kisitunishwe; kiuno kilegezwe; mguu uliobeba uzito na ule mtupu vitofautishwe; mabega yashuke na viwiko viangalie chini; nia itumike badala ya nguvu; sehemu ya juu ya mwili na ya chini zifuatane; ndani na nje vipatane; mwendo usikatike; na utulivu utafutwe ndani ya mwendo wenyewe. Ukizisoma kwa makini utaona kwamba ni chache tu kati ya kanuni hizo zinazoweza kuonekana katika picha ya mnato. Zilizobaki zinaonekana tu pale mtendaji anapotoka katika mkao mmoja kwenda katika mwingine, na hapo ndipo watazamaji wengi wanapoacha kutazama, kwa sababu mikono inawavuta macho na wanasubiri umbo lifike mahali pake.

Kwa hiyo kipimo changu kikuu ni hiki. Msimamishe mtendaji, kwa kubonyeza kitufe cha video, katika nukta ambayo mguu wake unaachana na sakafu. Jiulize kama angeweza kukaa hapo kwa pumzi mbili bila kuyumba. Ikiwa angeweza, uzito umehamia wote kwenye mguu mwingine na hatua inayofuata ni hiari yake. Ikiwa asingeweza, anaanguka kutoka mguu hadi mguu, na polepole yake ni ya mikono peke yake. Ni kipimo kigumu, na nimekiona kikiwaangusha hata watu wenye mikao ya kupendeza sana.

Nianze na mfululizo wa miondoko 24, maana ndio wengi watakaokutana nao kwanza. Ulitungwa mwaka 1956 na walimu waliokusanywa na kamati ya michezo ya serikali ya China, kwa kuufupisha mfululizo mrefu wa mtindo wa Yang ili watu wa kawaida waweze kuujifunza. Huchukua takriban dakika tano au sita. Katika yote ninayoyatathmini hapa, huu ndio wenye mpangilio unaomjali zaidi anayeanza: kwanza hatua za kwenda mbele, kisha za kurudi nyuma, kisha za kwenda upande, na mateke pamoja na kusimama kwa mguu mmoja huja baadaye mwili ukishapata moto. Mwondoko uitwao Kushika Mkia wa Shomoro hufanywa kushoto na kulia, jambo ambalo mfululizo mrefu wa Yang hauna, na kwa mtu anayetafuta afya uwiano huo wa pande mbili ni faida kubwa.

Ubora wa onyesho la mfululizo huu unaweza kuujua ndani ya dakika ya kwanza, kwa kutazama Kugawa Manyoya ya Farasi Mwitu, mwondoko unaorudiwa mara tatu mwanzoni. Mtendaji yumo katika mkao wa upinde, mguu wa kushoto uko mbele na goti lake limekunjwa, mguu wa nyuma umenyooka bila kukazwa. Ili aende upande wa kulia, kwanza anaurudisha uzito nyuma na kuikalia nyonga ya kulia. Vidole vya mguu wa mbele vinanyanyuka na kugeukia nje kwa nyuzi 45 hivi, vikifuatana na kiuno. Kisha uzito unakwenda mbele hadi mguu wa kushoto uubebe mwili wote, na hapo tu ndipo mguu wa kulia unapojivuta, ukapita karibu na kifundo cha mguu wa kushoto, ukatoka mbele na kugusa sakafu kwa kisigino. Baada ya kisigino kugusa, na si kabla, uzito unaanza kuhama, goti linakunjika kuelekea kwenye vidole bila kuvipita, na mkono unapanda kadiri kiuno kinavyogeuka. Umbali wa kutoka mstari wa mguu mmoja hadi mstari wa mwingine, ukipimwa kwa upana, unatakiwa uwe sentimita 10 hadi 30. Anayeweka miguu yote miwili juu ya mstari mmoja anakuwa kama anayetembea juu ya kamba, na atalazimika kupinda mgongo ili asianguke.

Sasa tazama jinsi maonyesho mengi yanavyofanya. Kosa la kwanza ni mikono kufika kabla ya miguu. Mkono umeshapanda hadi kwenye usawa wa macho na umesimama, huku goti la mbele likiendelea kukunjika peke yake, na hapo kanuni ya juu na chini kufuatana imevunjwa waziwazi. La pili ni kichwa kupanda na kushuka kila hatua. Mtendaji ananyoosha goti la mguu uliobeba uzito ili auvute mguu wa nyuma kwa urahisi, kisha anazama tena. Weka kidole kwenye kioo cha simu usawa wa utosi wake na utaliona bila taabu. La tatu, ambalo ni zito kuliko yote, ni goti kuangukia ndani. Vidole vinaangalia mbele lakini goti linaelekea kwenye mguu wa pili, na uzito wa mwili unapita katika kiungo ambacho kimeumbwa kukunjika na kunyooka, hakikuumbwa kusokotwa. Katika kozi moja ya kulipia niliyoifuata, mkufunzi alikuwa akigeuza wayo huku uzito wote ukiwa juu yake, na hakuna mahali popote alipomweleza mwanafunzi kwamba jambo hilo linahitaji nyonga iliyofunguka kwanza. Zipo shule za mtindo wa Yang zinazogeuza mguu uliojaa kwa makusudi, na wajuzi wao hulifanya jambo hilo kwa usalama kwa sababu mzunguko wao unatoka nyongani. Mwanafunzi wa video hana nyonga hiyo bado. Mfululizo wa 24, unapofanywa kama ulivyokusudiwa, unamkinga kwa kumwamuru akae nyuma kwanza, na kwa hilo peke yake unastahili sifa.

Lipo jambo moja katika maonyesho ya kufundishia ambalo silipendi. Wakufunzi wengi husimama kidogo mwisho wa kila mwondoko ili mtazamaji aone umbo vizuri. Nia ni njema, lakini mwanafunzi huiga pia kule kusimama, na baada ya miezi kadhaa anakuwa na mikao ishirini na minne iliyotengana badala ya mwendo mmoja. Aidha, kamera huwekwa mbele tu, mahali ambapo goti linaloangukia ndani linaonekana lakini kifandugu kilichobinuka nyuma hakionekani kabisa. Ukipata rekodi iliyopigwa kutoka mbele, upande na nyuma, ichague hiyo hata kama mtendaji wake si bingwa.

Ndani ya mfululizo huohuo upo mwondoko unaowatenganisha watendaji kwa haraka, nao ni Nyoka Atambaaye Chini. Mtu anakunja mguu mmoja kwa kina na kuutandaza mwingine pembeni, kisha mkono unafuata mguu ulionyooka. Wanaotaka kuonekana wazuri hushuka hadi karibu na sakafu huku kiwiliwili kikiinamia mbele, makalio yakiwa yametoka nje na kisigino cha mguu uliokunjwa kikiwa kimenyanyuka. Onyesho zuri, kwa hukumu yangu, ni la yule anayeshuka nusu ya kina hicho akiwa na mgongo ulionyooka na wayo mzima sakafuni, kisha anapanda na kuingia katika Jogoo wa Dhahabu kwa mguu mmoja bila kujirusha. Kupanda huko kunasema mengi zaidi ya kushuka. Anayejirusha anaonekana: mkono unatupwa juu kwanza na goti linafuata kwa msukumo wake.

Filamu za Cheng Man-ch'ing ndizo ninazozipa muda mrefu zaidi, na ndizo ninazozirudia mara nyingi. Cheng alizaliwa mwaka 1902 katika mkoa wa Zhejiang, akajifunza kwa Yang Chengfu mwenyewe, akahamia Taiwan mwaka 1949, kisha akafundisha New York kuanzia miaka ya 1960. Alifariki mwaka 1975. Alikuwa pia tabibu, mchoraji, mshairi na mwandishi wa hati za Kichina. Aliupunguza mfululizo mrefu wa mwalimu wake hadi mikao 37. Picha zake nyingi ni za rangi nyeusi na nyeupe, hazina ukali wa video za leo, na anayezitazama kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba anamwona mzee akinyoosha viungo asubuhi. Mikao yake iko juu, hatua zake ni fupi, mikono yake haitandazwi, na hakuna teke linalofika kichwani. Ukizipima kwa macho ya mashindano zitapata alama ndogo.

Zipime kwa kipimo nilichokieleza, na hukumu inageuka. Msimamishe Cheng mahali popote katikati ya hatua, mguu mmoja ukiwa umebakiza sentimita chache kugusa ardhi, nawe utamkuta amesimama. Wayo unagusa ukiwa mtupu kabisa, na baada ya hapo ndipo unapojazwa. Nyonga yake ya upande uliobeba uzito inakunjika ndani, pale paja linapokutana na kinena, na kwa kuwa inakunjika, kiuno kinaweza kugeuka bila goti kuburuzwa. Kifandugu kinaangalia chini. Utosi unasafiri katika usawa uleule hatua baada ya hatua. Mikono haina mwendo wake yenyewe: katika Mikono ya Mawingu, mwondoko ambao watendaji wengi huufanya kwa kuzungusha mikono mbele ya kifua kilichosimama, mikono yake inahama kwa sababu kitovu kinahama, na kitovu kikisimama nayo inasimama. Kifundo cha mkono wake hakikunjwi nyuma wala mbele. Kiganja kinafuata mstari wa mkono hadi kwenye ncha za vidole, na hilo ni sahihi yake inayojulikana na wote waliojifunza kwa wanafunzi wake.

Kasoro zipo. Nguo yake pana inaficha magoti katika sehemu ambazo mwanafunzi angehitaji kuyaona. Kulegea kwake kumekomaa kwa miongo mingi, na mtu anayeiga ulaini wa nje bila muundo wa ndani hupata kitu kingine kabisa: makwapa yaliyofungwa, kifua kilichozama, kichwa kilichoning'inia mbele, na mikono isiyoweza kuhimili hata kidole cha mtu mwingine. Nimewaona watendaji wa aina hiyo, na wengi wao wanaamini kwa dhati kwamba wanamfuata Cheng. Namna ya kupambanua ni kutazama mkono unaposogea mbele ya mwili. Kwa Cheng, nafasi kati ya mkono na kifua inabaki imejaa. Mkono ukikaribia kifua ni kwa sababu kiuno kimegeuka, si kwa sababu kiwiko kimelegea na kuporomoka.

Hapa inanipasa nigusie ubishi wa mgongo, kwa kuwa kila anayelinganisha maonyesho haya atakutana nao. Cheng anasimama wima kabisa, hata anaposukuma. Picha za mwalimu wake Yang Chengfu zilizochapishwa katika miaka ya 1930 zinamwonyesha akiwa ameinamia mbele kidogo katika mikao ya upinde, mwili wake mkubwa ukiwa na mstari unaotoka kisigino cha nyuma hadi utosini. Mtindo wa Wu Jianquan, aliyeishi kuanzia 1870 hadi 1942, unakwenda mbali zaidi: mwinamo ni sehemu ya mtindo wenyewe, na mtendaji wake anaweza kuonekana kwa mgeni kana kwamba anakaribia kuanguka. Kwa hiyo mtu anayeandika chini ya video kwamba fulani amekosea kwa sababu ameinama, bila kuuliza ni mtindo gani, anahukumu kwa sheria za nyumba nyingine. Kinachopaswa kutazamwa ni kama mstari umevunjika. Mwinamo unaotoka kwenye kifundo cha mguu au mkunjo wa nyonga, mgongo na shingo vikibaki katika mstari mmoja, ni ufundi. Mwinamo unaovunjikia kiunoni, makalio yakibaki nyuma na kidevu kikitangulia mbele, ni kosa katika mitindo yote niijuayo. Kwa anayejifunza peke yake napendekeza wima ya Cheng, kwa sababu ya kawaida kabisa kwamba ni rahisi zaidi kuikagua: ukipigwa picha kutoka upande, sikio, bega na nyonga vinatakiwa vikae katika mstari mmoja wa kwenda chini, na yeyote wa nyumbani kwako anaweza kukuambia kama vimekaa.

Maonyesho ya Chen Xiaowang ni ulimwengu mwingine, na sitakaa nayo muda mrefu kwa sababu siyaoni kama kifaa cha kujifunzia mwanzo. Chen alizaliwa mwaka 1945 katika ukoo wa Chen wa Chenjiagou, kijiji cha mkoa wa Henan ambacho mapokeo ya tai chi ya familia yake yanafuatiliwa hadi kwa Chen Wangting wa karne ya 17. Mtindo wao haukufuta kasi: mtendaji anakwenda polepole, kisha mwili unapasuka kwa ngumi au kiwiko, kisha unarudi katika upole bila mshono. Mguu hupigwa chini kwa kishindo katika mwondoko wa Mlinzi Apiga Kinu. Kila kiungo kinasokota, kuanzia wayo hadi ncha ya kidole, na msokoto huo unaonekana wazi kwa Chen kwenye kitambaa cha suruali yake, ambapo mikunjo ya nguo hubadili mwelekeo kabla ya mkono kuanza safari.

Thamani kubwa ya maonyesho yake ni kwamba yanathibitisha kwa macho jambo ambalo mitindo ya polepole inalisema kwa maneno tu. Anapotoa ngumi, bega halinyanyuki na uso haukunjamani. Nguvu inatoka ardhini, inapita nyongani na kutokea mkononi kwa wakati mmoja, na baada yake mwili mzima unatetemeka mara moja na kutulia. Mwanafunzi aliyewahi kuliona hilo hataridhika tena na mkono unaosukuma peke yake. Lakini mikao yake iko chini, misokoto inahitaji nyonga zilizofunzwa, na kishindo cha mguu juu ya sakafu ya saruji, ambayo ndiyo sakafu ya nyumba nyingi za kwetu, ni zawadi mbaya kwa kisigino na goti. Tazama, jifunze kuona, na usiige kishindo mpaka uwe na mtu wa kukusimamia.

Nimalizie na mashindano. Wushu, yaani sanaa za mapigano za Kichina kama mchezo wa mashindano, iliingia katika Michezo ya Asia mjini Beijing mwaka 1990, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa umeshatungwa mfululizo wa miondoko 42, unaochanganya mitindo ya Chen, Yang, Wu na Sun, ili wanamichezo wapimwe kwa kitu kimoja. Baadaye yalikuja maonyesho ya hiari yenye muziki na miruko. Mfumo wa alama wa shirikisho la kimataifa la wushu unagawa pointi 10 za onyesho la hiari katika mafungu matatu: pointi 5 za ubora wa miondoko, 3 za onyesho kwa ujumla, na 2 za ugumu. Kuyumba au kuhamisha wayo kunamgharimu mwanamichezo pointi 0.1, kujishikiza kwa mkono 0.2, na kuanguka 0.3. Ni mfumo wa haki kwa kadiri unavyohesabika, na umewalazimisha wanamichezo kuheshimu mambo ya msingi kama kisigino cha nyuma kutulia sakafuni na paja kufika kina kinachotakiwa.

Hata hivyo, mfumo unaopima ugumu unazaa ugumu. Mwanamichezo anatembea kwa utulivu wa ajabu, kisha anakimbia hatua chache, anaruka, anapiga teke hewani, anatua kwa mguu mmoja na kusimama pale pale kama aliyepigiliwa. Sina neno dhidi ya uwezo huo, ambao ni matunda ya mazoezi makali tangu utotoni na unastahili heshima kamili. Neno langu ni kuhusu kinachotokea kabla na baada ya mruko. Kabla yake pumzi inavutwa juu na mabega yanajiandaa. Baada yake kuna kitambo cha kukaza ili majaji waone kwamba mguu haukusogea. Mwendo umekatika mara mbili, na uzuri wa mkao wa katikati hauwezi kuufuta ukweli huo. Vivyo hivyo kwa mguu unaonyanyuliwa polepole hadi pembeni mwa kichwa: mara nyingi nyonga ya upande huo inapanda na mguu, mgongo unajipinda kulipia, na mtazamaji anapiga makofi kwa sababu anatazama wayo ulio juu. Tazama mkanda wa kiunoni. Ukiinamia upande mmoja, muundo umeuzwa ili kununua urefu.

Pamoja na hayo, katika sehemu za polepole za maonyesho haya zimo baadhi ya hatua safi kuliko zote nilizowahi kuona. Ushauri wangu ni kuchagua rekodi za mfululizo wa miondoko 42 ambao hauna miruko ya hiari, kuzima sauti ili muziki usikudanganye kuhusu mtiririko, kupunguza kasi ya video hadi nusu, na kuufunika mwili wa mtendaji kuanzia kiunoni kwenda juu kwa kipande cha karatasi. Ukiitazama miguu peke yake kwa njia hiyo utagundua kwamba wapo mabingwa ambao miguu yao ingetambulika kuwa ya tai chi hata bila mikono, na wapo ambao miguu yao ni ya mtu anayesubiri mruko unaofuata.

Kwa anayetaka nimwambie aanzie wapi: achukue mfululizo wa 24 kama somo lake, kutoka kwa mkufunzi yeyote anayekaa nyuma kabla ya kugeuza mguu na ambaye goti lake linafuata vidole. Asishuke chini zaidi ya pale anapoweza kupanda bila kujirusha. Kila wiki atenge muda wa kutazama dakika moja tu ya filamu ya Cheng, akilinganisha hatua moja ya mzee yule na hatua moja yake mwenyewe iliyorekodiwa kutoka upande. Mtindo wa Chen uwe wa kutazama. Ya mashindano yawe ya sikukuu, ila mfululizo wa 42, ambao anaweza kuurudia baada ya mwaka mmoja au miwili, miguu yake ikiwa imeshajua kusimama. Mwenye maumivu ya goti yaliyoanza kabla ya tai chi aanze na Mikono ya Mawingu peke yake, mikao ikiwa juu, hatua zikiwa fupi, na asiongeze mwondoko mwingine mpaka aweze kuusimamisha mguu wowote hewani kwa pumzi mbili bila kutafuta ukuta.